Maswali ya Jikoni: Cha Kupeleka Chekechea Mtoto Anapotimiza Mwaka

Barua tano zimechaguliwa safari hii, zote kutoka mkoani Tanga na zote zinahusu vitafunio ambavyo mzazi huvitengeneza nyumbani na kuwapelekea watoto wa chekechea siku ya kuzaliwa mwanawe. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

*Shikamoo bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chumbageni. Binti yangu anatimiza miaka 5 siku ya Jumanne mwezi ujao, na darasani kwao wako watoto 36 na walimu wawili. Mwalimu mkuu anaturuhusu kupeleka kitu cha kula siku hiyo, ila amekataza soda na pipi, na anapenda kiwe kimepikwa nyumbani. Mwaka jana nilipeleka keki niliyoipamba kwa krimu. Bajaji iliruka tuta, keki ikajibamiza ukingoni mwa boksi, na hadi tunafika krimu ilikuwa inachuruzika. Walimu walihangaika kuikata, watoto wa mwisho wakaambulia makombo, na mwanangu akalia mbele ya wenzake. Sina oveni, nina jiko la mkaa na jiko dogo la gesi. Nipike nini kisichoniaibisha na kisichonimalizia pesa ya matumizi?*

Marahaba, mwanangu. Keki yako haikuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba ilipelekwa mahali pasipoifaa. Keki ya krimu ni chakula cha mezani: inataka kisu, sahani, mkono mmoja wa kukata na mkono mwingine wa kugawa, na inataka ubaridi ambao mji wetu haunao. Krimu iliyopigwa kwa siagi huanza kulainika mara tu joto la chumba linapopanda, na asubuhi ya Tanga, hasa miezi ya kaskazi, haina subira na siagi. Zaidi ya hayo, kipande cha keki hakilingani na kipande kingine hata akate fundi, na mtoto wa miaka 5 ana jicho kali la kupima kuliko muuza dhahabu. Kwa hiyo ninapoulizwa cha kupeleka darasani huangalia kwanza kiganja cha mtoto, yaani natafuta kitu ambacho kila mmoja atapewa kizima, kinachotosha mkononi, kisichodondosha shira wala mafuta, na kinachokwisha kwa matonge matatu au manne.

Kitu hicho tunacho tangu zamani, nacho ni kileja. Ninajua kuwa wapo watakaoona kileja ni cha Idi au cha kumpokea mgeni wa posa, na kwamba mtoto wa siku hizi anataka keki yenye picha. Mimi nimekwisha kuona watoto wakiacha keki na kurudi kwenye sinia la vileja, kwa hiyo sioni sababu ya kukionea haya.

Kwa darasa lako utahitaji unga wa mchele nusu kilo, sukari robo kilo, samli robo kilo, mayai 3 na iliki iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai. Vikichanganywa, vitu hivi hutoa kinyunga cha kilo moja na gramu 150 hivi, na ukichota kijiko cha mezani kilichojaa, ambacho ni kama gramu 25, utapata vileja 46. Watoto 36 na walimu wawili ni 38, kwa hiyo vinabaki vinane. Hivyo vinane usivihesabu kuwa ni ziada: kimoja kitavunjika njiani, kimoja kitaanguka mchangani, kimoja ni cha dada anayefagia darasa, na vingine ni vya nyumbani kwa mdogo wake binti yako, ambaye naye ana macho.

Mchele uoshe, uuchuje, uuanike kivulini ukauke kabisa, kisha upeleke mashineni ukasagwe laini, halafu uuchekeche. Unga uliosagwa mchele ukiwa bado na unyevu hushikana vibaya na kileja huwa kigumu kama kigae. Samli isiwe imeyeyuka. Iwe imeganda lakini laini, na kwa kuwa kwetu samli huyeyuka mchana, fanya kazi hii alfajiri au usiku. Ipige pamoja na sukari kwa mwiko wa mbao mpaka iwe nyeupe na nyepesi, na usichoke mapema, kwa sababu hapo ndipo kileja kinapopata ulaini wake. Sukari yenye chembe kubwa itwange kidogo kwanza. Tia mayai moja moja huku unapiga, tia iliki, kisha mimina unga kidogo kidogo mpaka upate kinyunga ambacho ukikifumbata kiganjani kinashikana na ukikiachia hakinati. Kikivunjika, ongeza samli kijiko kimoja. Kikinata, ongeza unga. Wapo wanaotia beking pauda. Mimi sioni haja yake, kwani kileja hakikusudiwi kuumuka.

Sasa jiko. Kukosa oveni kusikutie unyonge, kwa sababu vileja vilivyolisha harusi za Ngamiani na Pangani kwa vizazi vilipikwa kwa makaa ya chini na ya juu. Chukua sufuria nzito pana, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa wa kina cha vidole viwili, ufunike na uache upate moto kwa dakika 15. Vidonge vya kinyunga vipange juu ya sinia la bati lililopakwa samli kidogo, uvibonyeze kwa kidole gumba au kwa uma ili vipate mapambo, uviache vipumuane kwa upana wa kidole, kisha teremsha sinia juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa na upalie makaa juu yake. Siri yote iko katika mgawanyo wa moto: makaa ya juu yawe mengi, ya chini yawe machache na yaliyokwisha kupoa ukali, kama theluthi moja chini na theluthi mbili juu. Moto wa chini ukizidi, kileja huungua tako na kubaki kibichi tumboni. Chungulia baada ya dakika 12, na kwa kawaida huiva kati ya dakika 15 na 20. Kileja cha mchele hakigeuki rangi kikawa cha kahawia. Hubaki cheupe, na kinachokuambia kuwa kimeiva ni upande wake wa chini uliopata rangi ya dhahabu hafifu, na ile harufu ya iliki na samli inayovuka ua hadi kwa jirani. Usivishike vikiwa vya moto, vitakuvunjikia. Sinia la sentimita 30 hupokea vileja 12 hivi, kwa hiyo jiandae kwa mizunguko minne, na kila mzunguko uchochee upya makaa ya juu.

Faida kubwa kwako, mwanangu, ni kwamba siku ya kuzaliwa ni Jumanne. Vileja vilivyopoa kabisa na kufungiwa ndani ya kopo kavu lisiloingia hewa wala sisimizi hukaa wiki nzima bila kuharibika, kwa hiyo pika Jumapili, ulale Jumatatu. Jumanne asubuhi uvipange katika deli au ndoo safi yenye mfuniko, tabaka juu ya tabaka, na karatasi ya kuokea katikati. Hata bajaji ikiruka matuta yote ya barabara, hasara itakuwa kileja kimoja au viwili. Ukipenda kila mtoto apate chake kimefungwa, tumia vifuko vidogo vya karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata isingepigwa, kifuko cha karatasi kinapendeza zaidi, maana binti yako anaweza kukichora maua mwenyewe kwa penseli za rangi siku mbili kabla. Jambo moja tu ninalokukataza ni kufungia kwa magazeti au karatasi za mitihani, kwani samli hunyonya wino.

Umeniambia mwalimu amekataza soda na pipi, na mimi namuunga mkono. Kwa vipimo nilivyokupa, kila kileja kina sukari ya gramu tano na ushei, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, wakati chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari inayokaribia gramu 30. Ukitaka kupunguza zaidi, unaweza kushuka hadi gramu 200 za sukari bila kuharibu umbo la kileja. Ukishuka chini ya hapo kinakuwa kikavu na watoto wanakigundua. Na kwa kuwa kileja kwa asili yake hukausha kinywa, hakikisha maji ya kunywa yako tayari kabla hakijagawiwa, na waombe walimu wawaketishe watoto. Mtoto anayekimbia huku anatafuna hupaliwa hata kwa chakula laini.

Ikiwa bado moyo wako umeng'ang'ania keki, basi oka keki kavu isiyo na krimu katika vikombe vidogo vya karatasi, kimoja kwa kila mtoto. Mshumaa mmoja wa kuzima kwa pumzi uwashiwe nyumbani jioni. Puto nazo ziachie nyumbani, kwa sababu puto iliyopasuka ni kipande cha mpira ambacho mtoto mdogo hukitia mdomoni kabla hujageuka.

*Bibi, salaam aleikum. Mimi ni baba wa mtoto wa miaka 4, tunakaa Makorora. Mke wangu ni fundi wa kashata za karanga na amekwisha kuahidi kuzipeleka darasani kwa mtoto wetu. Juzi mwalimu alitutumia ujumbe kwamba kuna mtoto mmoja mwenye mzio wa karanga. Mke wangu anasema mtoto huyo apewe biskuti na wengine wapewe kashata. Je, ni sawa?*

Waaleikumu salaam, baba. Nimpe mke wako heshima yake kwanza: kashata ya karanga iliyopikwa vizuri, isiyo na uchungu wa sukari iliyoungua, si kazi ya kila mtu. Lakini hapana, si sawa, kwa sababu mbili ambazo kila moja peke yake ingetosha.

Ya kwanza ni huyo mtoto. Mzio wa karanga haungoji mtu ale kashata nzima. Kwa baadhi ya watu chembe iliyobaki kwenye kidole cha mwenzake inatosha. Watoto wa miaka 4 hushikana mikono, hubadilishana vikombe, na humegeana vitu kwa upendo ambao sisi wakubwa tumeusahau. Mwenye mzio huweza kutoka vipele vinavyowasha, kuvimba midomo na uso, kutapika, na katika hali mbaya njia ya pumzi hubana. Ikifika hapo anakimbizwa hospitali papo hapo. Wapo wanaokimbilia kumnywesha maziwa, kwa desturi yetu ya kutibu sumu. Maziwa hayaondoi mzio na yanapoteza dakika ambazo mtoto hana. Tena, fikiria jambo ambalo si la dawa: kumkalisha mtoto mmoja pembeni na biskuti yake huku wenzake 30 wanakula kitu kingine ni kumfundisha kwamba sherehe si yake.

Sababu ya pili inawahusu watoto wote wa darasa hilo, wenye mzio na wasio nao. Karanga nzima hazifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa sababu meno yake ya nyuma bado hayasagi vizuri na njia yake ya pumzi ni nyembamba. Karanga ikiteleza upande usio wake, inaziba. Kashata yenyewe nayo ni ngumu na huvunjika vipande vyenye ncha. Katika kundi hilo la hatari weka pia bisi, pipi ngumu na zabibu nzima. Zabibu hupasuliwa kwa urefu, vipande vinne kila moja, na bisi zingoje wakue.

Mke wako asivunje ahadi, abadilishe tu kashata. Atengeneze ya nazi, na aifanye laini kwa kutia maziwa: nazi 2 zilizokunwa bila kuchota ganda la kahawia, sukari vikombe viwili, maziwa kikombe kimoja, iliki kidogo. Vyote viwekwe motoni pamoja, avikoroge bila kuondoka mpaka mchanganyiko uanze kuachana na sufuria, kisha ateremshe mapema kabla haujakauka, amimine kwenye sinia, akate vipande vidogo. Ukiubonyeza ukiwa umepoa unapaswa kuitika kwa kidole. Nazi na karanga hazina undugu: karanga ni ya jamii ya kunde na maharage, nazi ni tunda la mnazi. Hata hivyo, asipike kwa sufuria na mwiko ule ule wa karanga bila kuvisugua kwa sabuni, asibadilishe karanga kwa korosho, kwa kuwa baadhi ya wenye mzio wa karanga hudhuriwa na korosho pia, na aandike kwenye karatasi kila kilichotiwa humo, ikiwemo maziwa, ampe mwalimu siku moja kabla ili mzazi wa mtoto huyo aulizwe. Mzazi huyo ndiye anayejua, si mimi wala wewe.

Na zile karanga alizokwisha kununua zibaki nyumbani kwa ajili yenu wakubwa. Kabla ya kuzikaanga azichambue kwa mkono na kutupa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa sababu ndizo hubeba sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote.

*Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa mjini. Ninafurahi wazazi wanapoleta vitu, lakini imekuwa mashindano. Mmoja alileta keki ya ghorofa mbili na zawadi kwa kila mtoto. Wiki iliyofuata mama mmoja anayeuza vitumbua alikuja kuniomba siku ya mwanawe nisiitaje darasani kabisa, kwa kuwa hana cha kuleta. Sikulala usiku ule. Nifanyeje bila kuwakwaza wazazi?*

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwa yule mama wa vitumbua nasimama. Mtu anayeamka saa tisa za usiku kuumua mchele na kuukaanga kwa mikono yake anadhani hana cha kuleta, kwa sababu tu cha kwake hakikupambwa! Vitumbua vyake, vidogo, visivyokolezwa sukari, vilivyochujwa mafuta vizuri juu ya karatasi, vingeshinda ile ghorofa mbili mbele ya watoto. Nenda ukamwambie hivyo, na kama ataona haya kuvigawa bure ilhali ndiyo riziki yake, mwambie alete 10 tu, vikatwe nusu na robo, vinatosha.

Lakini wema wa mtu mmoja hautengenezi utaratibu. Ninachokushauri ni hiki: weka siku moja kila mwezi, tuseme Ijumaa ya mwisho, ambayo watoto wote waliozaliwa mwezi huo wanasherehekewa pamoja, na chakula kiwe kimoja, kinachojulikana tangu Januari. Mimi ningechagua mkate wa kumimina. Unapikwa kwa mchele, tui, sukari, hamira na iliki, vitu ambavyo hugawanyika: mama huyu anatoa mchele, yule nazi mbili, mwingine sukari, na yule asiye na kitu anatoa jiko lake na saa mbili za mkono wake, na ukiniuliza mimi, huyo ndiye aliyetoa zaidi. Hakuna atakayejua nani alileta nini, kwa sababu kinachoingia darasani ni mkate mmoja. Sinia la sentimita 30 hukatwa vipande 20 vinavyomfaa mtoto mdogo, kwa hiyo darasa la watoto 40 linataka mikate miwili.

Nikuonye juu ya tui. Mkate wowote wenye tui huchacha upesi kwa joto letu, na kanuni inayofuatwa na wapishi wa watoto ni kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Kwa hiyo mkate upikwe asubuhi ya siku hiyo hiyo, ufike umefunikwa kwa kawa au kitambaa safi, na uliwe kabla muda huo haujapita, wala usiwekewe watoto wa mchana. Ukiuvunja ukaona unavuta nyuzi au una harufu ya uchachu usio wa hamira, utupe bila kumwonea haya aliyeupika.

Kuhusu zawadi za kila mtoto, zipige marufuku kwa barua fupi yenye mhuri wa shule. Wazazi wenyewe watashusha pumzi. Wengi wao walikuwa wanashindana kwa kuogopana.

*Bi mkubwa, mimi ni bibi mwenzako wa Ngamiani, na mjukuu wangu ataandaliwa sherehe na wenzake wa chekechea. Watoto wanapenda ubuyu, nami natengeneza mwekundu mzuri wenye iliki na pilipili manga kidogo. Nipeleke?*

Dada yangu, ubuyu wako nautamani hata mimi, lakini usiupeleke. Ndani ya kila kipande kuna kokwa, nayo kokwa ile kwa kinywa cha mtoto wa miaka 3 au 4 ina hatari ile ile niliyomweleza baba wa karanga. Na rangi yake! Sare nyeupe 30 zitarudi nyumbani na madoa, na kina mama 30 watajua ni bibi wa nani.

Upeleke ubuyu huo huo kwa sura ya kinywaji. Unga wa ubuyu, ambao ni ule mweupe unaozizunguka kokwa, una vitamini C na ukali mtamu ambao watoto huupenda. Loweka vikombe viwili vya unga katika lita 4 za maji yaliyochemshwa na kupoa, uukoroge, uuchuje kwa kitambaa ili kusibaki nyuzi wala kokwa, kisha utie sukari kidogo na iliki. Lita 4 zinatosha watoto 40, kila mmoja mililita 100, na usizidishe, maana mtoto akinywa nyingi hatakula kilicho mbele yake. Usitie barafu ya kununua mtaani, kwani hujui maji yake yalichemshwa au la. Gandisha maji yako mwenyewe usiku, au funga ndoo kwa kanga iliyoloweshwa na kuiweka penye upepo, kama tulivyofanya kabla umeme haujafika. Ukikosa unga wa ubuyu, machungwa ya Muheza yakiwa msimuni hayahitaji upishi wowote: yamenye, yatoe kokwa, ukate vipande vyembamba, umemaliza.

*Siku ya kuzaliwa mwanangu imeangukia ndani ya Ramadhani. Darasani wako Waislamu na Wakristo, na baadhi ya watoto wanajifunza kufunga nusu siku. Niahirishe?*

Usiahirishe, badili saa tu. Mwombe mwalimu awaimbie wimbo asubuhi kama kawaida, kisha kila mtoto akabidhiwe kifuko chake cha karatasi wakati wa kuondoka, wanaokula wale njiani na wanaofunga wafuturie. Vileja vinafaa, visheti vikavu visivyochovywa shira vinafaa, na tende mbili zilizotolewa kokwa ndani ya kila kifuko zinapendeza. Usitie jeli wala pipi laini za dukani, kwa sababu nyingi zina gelatini, na gelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwemo, bila mlaji kujua ni ya mnyama gani. Andika juu ya kifuko: unga wa mchele, samli, sukari, mayai, iliki. Mama atakayekipokea nyumbani atasoma na kuamua mwenyewe.